UZI: Kidonge cha mafua kilimziba mzee wangu mkojo. Tuzungumze tezi dume hukua vipi hasa

MwanaKuze – Jumamosi, saa 4:10 usiku

Assalaam alaikum na habari za usiku wana jukwaa. Uzi huu ni mrefu, mwenye kazi ya alfajiri ausome kesho.

Wiki mbili zilizopita, kwenye hizi baridi za kusi za mwezi wa saba, mzee wangu alishikwa na mafua. Ana miaka 71. Alipotoka msikitini baada ya magharibi alipita duka moja la dawa hapa mjini akauziwa vidonge vya kuzibua pua. Hakuulizwa umri, hakuulizwa anaumwa nini kingine. Akameza viwili baada ya isha. Saa 8 usiku mama akanipigia simu: "Njoo, babako hapati haja ndogo tangu saa 4, na analia." Katika maisha yangu sijapata kumsikia baba akilia. Nilimkuta chooni ameshika ukuta kwa mikono miwili, paji la uso limegusa chokaa, mfereji ameuacha wazi ili sauti ya maji imsaidie. Chini ya kitovu tumbo lilikuwa limetuna, gumu kama dafu.

Hospitali wakamwekea mpira. Zilitoka mililita 1,100. Kibofu cha mtu mzima huanza kumkumbusha mwenyewe kikiwa na 200 au 300 hivi, na kikifika 500 mtu ameshaanza kutafuta choo kwa haraka. Mkojo ulipoanza kushuka kwenye mfuko, mzee alifumba macho akawa anarudia alhamdulillah, alhamdulillah, mpaka nesi naye akaitikia.

Lakini kilichonikalisha kuandika ni maneno ya barazani siku ya tatu, wageni walipokuja kumjulia hali. Mmoja akasema ni kwa sababu alikuwa na wake wawili. Wa pili akasema hapana, ni kwa kuwa amekaa mjane wa upande mmoja muda mrefu, maji yameganda. Wa tatu akaleta habari ya baiskeli aliyopanda miaka yake yote ya bandarini. Wa nne akanong'ona kuwa mtu kamfunga. Baba alikuwa pale pale anasikiliza, mfuko wa mkojo umefichwa chini ya kikoi, na macho yake yako chini kama mtu aliyefumaniwa. Mimi ni mtu wa maabara, miaka 19 nashika damu na mikojo ya watu. Nikaona uchungu kwamba sikuwahi hata siku moja kumkalisha baba yangu nikamweleza kile ninachokijua. Nimemweleza sasa, na nawaandikia nyinyi vile vile nilivyomweleza yeye.

MwanaKuze – saa 4:32 usiku

Tuanze na mahali penyewe. Tezi dume imekaa chini ya kibofu, na mrija wa mkojo unapita katikati yake. Kwa kijana huwa na gramu 20 hivi, kiasi cha ndimu. Kazi yake ni kutoa sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za uzazi. Sasa hii ndimu haiko sawasawa kote. Mwanapatholojia wa Marekani, John McNeal, ndiye aliyeigawa kwa kanda, na ugawaji wake ndio unaotumika mpaka leo: kanda ya pembeni ambayo ni kama asilimia 70 ya tezi yote, kanda ya kati, na kanda ndogo sana, kama asilimia 5 tu kwa kijana, inayoukumbatia mrija wenyewe. Hii ndogo huitwa kanda ya mpito.

Ukuaji tunaouzungumzia huanza kwenye hiyo asilimia 5. Hauanzi kwa tezi nzima kufura. Vinaota vinundu vidogo kama mbegu za mpapai, karibu kabisa na mrija, kimoja hapa kingine pale, na kila kimoja hujitanua pole pole kwa miaka. Ndiyo maana ukubwa na taabu haviendi pamoja. Nimeona majibu ya altrasaundi ya mtu mwenye tezi ya gramu 80 anayelala usiku kucha, na mwenye gramu 35 anayeamka mara sita. Inategemea kinundu kimeota wapi.

Nahodha_Likoni – saa 4:41 usiku

Pole sana kwa mzee, Mungu amwafu. Swali la haraka kabla hujaendelea: hivyo vinundu ndivyo vinavyogeuka saratani baadaye? Maana shemeji yangu alipoambiwa tezi imekua alianza kugawa mali.

MwanaKuze – saa 4:50 usiku

Amin, ahsante nahodha. Mwambie shemeji arudishe hati zake sandukuni. Saratani ya tezi dume mara nyingi huanzia ile kanda ya pembeni, na vinundu hivi viko kanda ya mpito. Ukuaji huu hauzai saratani. Ila mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili kwa wakati mmoja, kwa sababu vyote ni vya umri, kwa hivyo vipimo vifanywe na daktari asome. Kipimo cha PSA, kile cha damu kinachopima protini inayotoka kwenye tezi dume, peke yake hakiamui, maana tezi iliyokua hupandisha PSA bila saratani yoyote.

MwanaKuze – saa 5:05 usiku

Sasa ndani ya seli. Hapa ndipo mimi hupenda sana, nivumilieni.

Korodani hutengeneza testosteroni. Homoni hii huenda kwenye damu, ikafika kwenye tezi dume, na ndani ya tezi kuna kimeng'enya kinachoitwa 5-alfa-reduktesi. Kazi yake ni kuibadilisha testosteroni kidogo tu, kuiongezea atomi mbili za haidrojeni, ikawa dihidrotestosteroni. Tuiite DHT, vidole vyangu vipone. Badiliko ni dogo lakini tabia yake ni nyingine kabisa. Ndani ya seli kuna protini inayosubiri homoni hizi, kipokezi cha androjeni. Testosteroni hukishika na kukiachia mapema. DHT hukishika kwa nguvu zaidi na hukawia sana kuachia. Kipokezi kikishashikwa huacha kukaa nje, kinaingia kwenye kiini cha seli, kinakaa juu ya DNA mahali maalumu na kuwasha jeni zilizokuwa zimelala. Jeni hizo zinaamrisha protini za ukuaji zitengenezwe.

Tumejuaje kuwa mwenye lawama ni DHT na si testosteroni yenyewe? Kuna kijiji kinaitwa Salinas, Jamhuri ya Dominika. Huko kulikuwa na koo ambazo baadhi ya watoto walizaliwa wakaonekana wasichana, wakalelewa wasichana, halafu wakifika miaka kumi na mbili hivi sauti inakuwa nzito, misuli inatoka, wanakuwa wanaume. Mwaka 1974 daktari Julianne Imperato-McGinley na wenzake walichapisha kisa hicho: watoto wale walirithi upungufu wa kimeng'enya hicho hicho. Testosteroni walikuwa nayo ya kutosha, DHT ndiyo haba. Na walipokuwa watu wazima, tezi dume zao zilibaki ndogo. Testosteroni ipo tele, tezi haikui. Wanakemia wakatafuta molekuli ya kukizuia kimeng'enya hicho makusudi, na mwaka 1992 finasteridi ikaruhusiwa Marekani kwa ugonjwa huu. Kila nikiona kile kidonge nafikiria wale watoto wa Salinas, jinsi walivyochekwa kijijini bila kujua kwamba miili yao ingekuja kuwapa wazee wa dunia nzima usingizi.

Mwalimu wa Tudor – saa 5:20 usiku

Hapo nina tatizo, mwanangu. Nimefundisha Biolojia miaka mingi. Testosteroni hushuka kadiri mtu anavyozeeka. Kama homoni ndiyo mbolea, na mbolea inapungua, mbona mmea unazidi kunawiri uzeeni? Ilibidi wenye taabu wawe vijana wa miaka 20.

MwanaKuze – saa 5:44 usiku

Mwalimu shikamoo. Swali lako ndilo lililowatesa watafiti miaka mingi, na kuna wakati walidhani wamelijibu. Walipima DHT kwenye tezi zilizokua wakaona nyingi, wakapima kwenye tezi za kawaida wakaona kidogo, wakasema basi, DHT hurundikana. Mwaka 1983 Patrick Walsh na wenzake wakarudi kuangalia zile tezi "za kawaida" zilitoka wapi. Zilitoka kwa maiti. Mtu akishafariki DHT huharibika. Walipochukua tishu mbichi ya kawaida kutoka kwa watu hai wanaofanyiwa upasuaji mwingine, kiwango kikawa sawa na cha tezi zilizokua. Kwa mtu wa maabara hilo ni somo la maisha: namna ulivyochukua sampuli inaweza kukupa jibu la uongo lililo safi kabisa.

Kwa hivyo DHT haizidi. Inachofanya ni kubaki palepale. Damuni testosteroni inapungua, lakini ndani ya tezi kimeng'enya kinaendelea kutengeneza DHT ya kutosha mpaka uzeeni. Ni ruhusa inayohitajika ili mengine yatokee. Aliyehasiwa kabla ya kubalehe hapati ugonjwa huu hata akiishi miaka mia.

Hayo mengine ni yapi? La kwanza ni estrojeni. Ndiyo, wanaume tunayo. Kimeng'enya kingine, aromatesi, kilichomo hasa kwenye mafuta ya mwili, hugeuza testosteroni kuwa estrojeni. Umri ukienda na kitambi kikija, testosteroni inashuka lakini estrojeni haishuki kwa kasi hiyo, na mizani inaegemea upande mwingine. Katika tezi kuna vipokezi viwili vya estrojeni, alfa na beta. Alfa iko zaidi kwenye tishu shikizi, zile nyuzi na misuli zinazoishikilia tezi, na inasukuma ukuaji, beta iko zaidi kwenye seli za ndani na inautuliza.

La pili, seli haziongezeki kwa kuzaana tu. Zinaongezeka pia kwa kutokufa. Seli ya kawaida ina siku yake, ikifika inajimaliza yenyewe kwa utaratibu, mwili unaifagia. Katika vinundu hivi utaratibu huo umezubaa, na protini zinazozuia kifo, kama ile ya BCL-2, ziko juu. Fikiria mtaa ambao wageni wanaingia taratibu tu, lakini hakuna anayehama. Baada ya miaka 30 pamejaa.

Na la tatu nitalitengea ujumbe wake.

Mwalimu wa Tudor – saa 5:52 usiku

Marahaba. Habari ya maiti nimeipenda, nitawapa kidato cha nne Jumatatu. Endelea.

MwanaKuze – saa 6:15 usiku

Tezi ina watu wa aina mbili. Kuna seli za epitheli, zinazotanda ndani ya vijifuko na kutoa majimaji. Na kuna zile za nje zinazovishika vijifuko hivyo: nyuzi, misuli laini, mishipa ya damu. Hizi ndizo nilizoziita tishu shikizi, wenyewe huita stroma. Kwa mazoea mtu hudhani wenye kazi ni wale wa ndani na wa nje ni kuta tu. Sivyo.

Gerald Cunha alifanya jambo la ustadi mkubwa kwa panya. Kuna panya waliozaliwa bila kipokezi cha androjeni kinachofanya kazi. Akachukua epitheli ya panya hao viziwi wa homoni, akaiunganisha na tishu shikizi changa ya panya wa kawaida. Tezi ikaota. Akageuza: epitheli ya kawaida, tishu shikizi kiziwi. Haikuota. Maana yake homoni huzungumza kwanza na tishu shikizi, nayo ndiyo inayompa jirani yake amri. Na amri hizo zina majina: FGF7, FGF10, IGF, ni protini ndogo zinazotoka seli moja na kugonga mlango wa seli ya pili. FGF2 yenyewe hutumiwa na tishu shikizi kujichochea zenyewe kwa zenyewe.

Yule McNeal wa kanda aliviangalia vinundu hivi akasema mwaka 1978 jambo ambalo mimi naliona zito: vinundu vile vinafanana na tezi ya kijusi inapojengwa. Katika mwili wa mzee, karibu na mrija, tishu shikizi inarudia amri ilizozitoa tumboni mwa mama yake, na vijitawi vipya vinachipua mahali pasipohitaji tawi. Nilipomwambia baba hivi alikaa kimya, halafu akauliza, "Kwa hiyo sikufanya kitu?" Nikamwambia hukufanya kitu, baba. Mwaka 1984 zilichapishwa hesabu za uchunguzi wa tezi za maiti: chini ya miaka 30 hakuna aliyekuwa nayo, kati ya 51 na 60 ni nusu ya wanaume, na waliopita 80 karibu tisa katika kumi. Si wote hao walipanda baiskeli.

Lile la tatu nililoliahidi ni mchochota, ile hali ya kinga ya mwili kujaa mahali na kupigana. Tezi nyingi zilizokua zikiangaliwa kwa darubini huonekana zimejaa seli nyeupe za T. Seli hizi hutoa ujumbe wao, IL-6, IL-8, IL-17. IL-8 inaichochea tishu shikizi iongeze FGF2, tishu inakua, kukua kunabana mishipa ya damu, hewa inapungua, mchochota unazidi. Pia kuna TGF-beta, inayozigeuza seli za nyuzi kuwa ngumu na kumwaga kolajeni, ndiyo maana tezi nyingine huwa kama mpira wa tairi hata kama si kubwa.

BintiMajengo – Jumapili, saa 2:05 asubuhi

Nimeusoma wote nikiwa na mahamri mkononi yakapoa. Baba yangu amepewa finasteridi, huu mwezi wa pili, anasema ni unga wa chaki, haoni mabadiliko, anataka kuacha. Nimwambie nini?

MwanaKuze – saa 2:40 asubuhi

Dada yangu, mwambie asiache bila kurudi kwa daktari wake. Kidonge kile hakivunji kinundu. Kinazuia DHT isitengenezwe, kinaishusha damuni kwa karibu asilimia 70, halafu kinasubiri seli zilizozoea DHT zianze kujifia zenyewe kidogo kidogo. Mji uliojaa kwa miaka 30 haupungui kwa miezi miwili. Huchukua miezi sita au zaidi, na tezi hupungua kwa robo hivi. Kuna ndugu yake, dutasteridi, anayezuia aina zote mbili za kimeng'enya na kuishusha DHT zaidi ya asilimia 90.

Mambo mawili mshike. PSA hushuka kwa karibu nusu akiwa na dawa hii, kwa hivyo akipimwa lazima aseme anaitumia, la sivyo daktari atasoma namba ndogo aione njema. Na mama au wewe ukiwa mjamzito usishike vidonge vilivyovunjika, kwa sababu ile DHT ndiyo inayoumba viungo vya mtoto wa kiume tumboni.

Kuna pia ambao dawa hii haiwasaidii kabisa, na sababu yake imeonekana kwenye molekuli: kwa baadhi ya wanaume jeni ya kimeng'enya hicho imefungwa kwa vijitanzi vya kemikali viitwavyo methili, hasa mchochota ukiwa mwingi. Jeni ikifungwa, kimeng'enya hakipo. Dawa inakuja kufunga mlango wa nyumba isiyo na mtu.

Kijana wa Kongowea – saa 3:30 asubuhi

Bro mimi nina miaka 34. Nikila muguka jioni na wenzangu, usiku mkojo unagoma gomagoma, unasimama kwanza kabla ya kutoka. Asubuhi sawa. Nina tezi?

MwanaKuze – saa 4:02 asubuhi

Ahsante kwa kuuliza waziwazi, maana hapa ndipo tunarudi kwenye kidonge cha baba.

Mpaka sasa nimezungumzia ukubwa. Lakini tezi ina misuli laini ndani yake na kwenye shingo ya kibofu, na misuli hiyo inaweza kubana mrija hata tezi isipokua hata chembe. Juu ya misuli hiyo kuna vipokezi vinaitwa alfa-1A. Noradrenalini, homoni ya mshtuko na ya kukesha, ikivigusa, ndani ya seli protini inayoitwa Gq huamka, inakiamsha kimeng'enya cha fosfolipesi C, hicho kinakata mafuta ya utando na kutoa IP3, na IP3 inafungua ghala la kalsiamu. Kalsiamu ikimwagika, misuli inabana. Yote hayo kwa nukta chache.

Muguka na miraa zina kathinoni, inayofanya mwili umwage noradrenalini. Madaktari wa Yemen walichapisha mwaka 1995 jaribio juu ya wanaume wazima waliotafuna: kasi ya mkojo ilishuka, na walipopewa kwanza dawa ya kuzuia vipokezi vya alfa-1, kushuka huko kukazuiwa. Hivyo inaelekea tezi yako bado ni ndimu, yakhe. Ni kubana tu. Ila ikiendelea hata siku usizokula, nenda ukaonwe.

Na vidonge vya baba vilikuwa na sudoefedrini. Inaufunga mshipa wa pua kwa kazi ile ile ya alfa-1, ndiyo maana pua inazibuka. Damu haijui kwamba dawa ni ya pua. Ikafika chini, ikakuta tezi iliyokwisha kukua na mrija uliobaki kama tundu la sindano, ikabana. Baridi nayo inaamsha neva hizo hizo. Vyote vikaangukia usiku mmoja.

Mfamasia_Pwani – saa 5:15 asubuhi

Nimesoma kwa huzuni. Niongeze: vingi vya vidonge hivyo huwa pia na klofeniramini, ile ya kukausha kamasi na kuleta usingizi. Yenyewe hulegeza misuli ya kibofu chenyewe, kinashindwa kusukuma. Kwa hiyo mzee alibanwa mlangoni na aliyekuwa asukume akalazwa usingizi. Sisi wa kaunta tunapaswa kumuuliza kila mwanaume aliyepita miaka 50, "Mkojo unatoka vizuri?" Mimi nauliza. Wengine hukasirika, wengine hushusha sauti na kunieleza mambo ya miaka mitano. Kwa mafua ya mzee, matone ya maji ya chumvi puani na mvuke vinatosha siku nyingi.

Babu wa Makadara – saa 8:20 mchana

Wanangu, mimi sijaelewa herufi zote lakini nimeelewa. Taabu yangu si usiku. Taabu yangu ni kwamba nikishatawadha, nikisujudu, linatoka tone. Narudia udhu mara tatu. Nimeacha kwenda swala ya jamaa, naswali nyumbani. Sijamwambia mtu ila hapa.

MwanaKuze – saa 8:45 mchana

Babu shikamoo, na umetuheshimu kutuambia. Mrija ukiwa umebanwa, mkojo hubaki nyuma na kuteleza baadaye, na kibofu kilichopigana na mlango kwa miaka misuli yake hunenepa ikawa na papara, inabana bila amri yako. Hilo lina dawa. Kwanza dawa za kuzuia vile vipokezi vya alfa-1, kama tamsulosini, hizo hazingoji miezi, ndani ya siku chache misuli inalegea. Kuna jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2003, wanaume 3,047: waliopewa dawa ya kulegeza pamoja na ya kupunguza tezi, hatari ya ugonjwa kuendelea ilipungua kwa asilimia 66, na kila dawa peke yake ilipunguza kama theluthi hivi au zaidi kidogo. Moja inashughulikia kubana, nyingine kukua. Tafadhali babu, muone daktari wiki hii, mwambie hasa hilo la tone. Na habari ya udhu, mwenye udhuru ana hukumu zake nyepesi, mshekhe wako atakueleza. Msikitini warudi.

DawaZaAsili001 – saa 10:30 jioni

Mbona hamtaji miti yetu? Kuna magome yanayomaliza tezi kwa siku 14 bila kemikali. Njooni inbox.

MwanaKuze – saa 11:10 jioni

Mti upo, na ni wetu kweli. Ni Prunus africana, Wakikuyu huuita muiri, unaota milimani huku kwetu na Cameroon, na Ulaya magome yake yameuzwa kama dawa ya tezi tangu miaka ya 1960. Maabara imeona unapunguza kuzaana kwa seli za nyuzi zinapochochewa na zile FGF, na baadhi ya majaribio yaliona wanaume wakipata nafuu kiasi. Nafuu kiasi, ndugu. Hakuna jaribio lililoona tezi ikiisha kwa siku 14, na biolojia niliyoieleza hapo juu haina njia ya kufanya hivyo. Mti wenyewe umechunwa mpaka tangu 1995 biashara yake inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Anayeuza unga bila jina kwenye chupa ya soda, mimi siwezi kumruhusu ampe baba yangu. Nakuomba usiwaite wazee inbox.

BintiMajengo – Alhamisi, saa 1:50 usiku

Mzee vipi? Mpira umetoka? Na swali la mwisho: baba yangu naye ameongezewa tamsulosini, na mwezi ujao ana tarehe ya kuondolewa mtoto wa jicho. Zinagongana?

MwanaKuze – saa 2:25 usiku

Zinahusiana, na umeuliza kitu muhimu kuliko unavyodhani. Misuli inayofungua mboni ya jicho ina vipokezi vya alfa-1A vile vile. Tamsulosini inavilegeza, na kisu kikiingia pazia la jicho linaweza kulegea na kupepea mbele ya daktari. Liligunduliwa mwaka 2005. Kuacha dawa siku chache kabla hakuondoi hatari yote, kwa hivyo asiache kwa hiari yake. Daktari wa macho aambiwe mapema, kabla ya siku yenyewe, ajiandae. Andika jina la dawa kwenye karatasi uibane kwenye kadi yake ya kliniki.

Mpira umetolewa leo asubuhi, baada ya siku za tamsulosini. Wakampa maji anywe, tukakaa kwenye benchi saa 2 nzima bila kusema. Kisha akainuka mwenyewe akaingia chooni, mimi nikasimama nje ya mlango. Kwanza kimya. Halafu nikasikia, kidogo kwanza, kisha mfululizo. Walimpima kilichobaki ndani, mililita 60. Amesema kesho atakwenda Ijumaa kwa miguu.